Membe wamerudi Chwaka

Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa barazani kwa mama, kikombe cha chai mkononi, nasikiliza maji. Mwezi ulikuwa wa siku mbili, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, na bamvua kwetu Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, lina saa zake. Alfajiri maji yamejaa kabisa. Jua likichomoza yameshaanza kupwa, na ikifika saa 5 hivi ghuba yote imekuwa uwanja wa mchanga, tope na nyasi za bahari. Utatembea mpaka miguu iume na kilindi bado hujakifikia. Siku kama hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Anayetaka kuwaona ndege wa pwani kwanza aijue hiyo saa ya maji, mengine yatafuata.

Mimi kazi yangu ni ufundi wa friji, mjini. Juma zima nimeinamia mota na mabomba ya shaba. Ndege nilianza kuwatazama kwa sababu ya darubini. Miaka tisa iliyopita mtafiti mmoja aliyekuwa akipima nyasi za bahari alipanga chumba kwa mama, na alipoondoka akaniachia darubini yake, kioo cha kushoto kina ukungu pembeni. Tangu hapo, kuanzia Agosti mpaka Aprili, Jumamosi ya bamvua sipokei kazi. Wateja wangu wameshazoea.

Safari hii nilikwenda na binti yangu, ana miaka tisa. Alikuwa ameniomba tangu mwezi wa nane. Nilimwamsha baada ya kuswali, bibi yake akamfunga kanga shingoni, tukatoka na chupa ya chai, maandazi manne na daftari. Upepo ulikuwa mdogo. Kusi limechoka na kaskazi bado, ndiyo tanga mbili wenyewe, na mvua za vuli zilikuwa hazijaja ila wingu moja zito lililokaa upande wa Uroa. Tukashika ufukwe kwenda kaskazini, kuelekea Marumbi, tukipita ngarawa zilizokuwa zikielea karibu kabisa na minazi.

Maji yakijaa hivi, ndege wa ghuba nzima hawana pa kukanyaga. Wanabanana kwenye vipande vichache vya mchanga vilivyobaki juu, wanalala kidogo, wananyosha manyoya, wanangoja. Hapo ndipo pa kuwahesabu, kwa sababu maji yakishapwa wanatawanyika mpaka Charawe na Michamvi na huwapati tena. Tatizo la Chwaka ni jua. Linatokea baharini, mbele yako, na ndege wanakuwa kati yako na jua, weusi wote. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza, kabla halijatoka, ni ya thamani sana, na hata hapo unahesabu kwa umbo zaidi kuliko kwa rangi.

Membe, ndege wa pwani anayekula kaa, nilimjua kwa umbo. Kichwa kikubwa, mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuchunia, miguu mirefu, na kundi zima linatazama upande mmoja, upande wa upepo. Nikalala kifudifudi nyuma ya rundo la makumbi ya nazi, binti yangu ubavuni, nikaanza kuhesabu kwa makumi huku yeye akiweka vijiti kwenye daftari. Mara ya kwanza nikapata 74. Mara ya pili 78. Ninahesabu mara tatu kila siku, kwa sababu wanasogea, mmoja anatoka nyuma ya mwenzake, na macho yenyewe yanadanganya wakati wa giza la alfajiri.

Ya tatu niliifikisha 50 kozi akapita.

Sikumwona alikotoka. Niliwaona membe wakinyanyuka wote kwa pamoja, na vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, mia kadhaa nyuma yao, mchanga ukabaki mtupu. Hewani membe ni ndege mwingine kabisa: mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, kila wanapogeuka. Walipiga duara tatu juu ya maji wakibweka. Sauti yao ndiyo hiyo, kama mbwa wadogo walio mbali. Kozi hakupata kitu, akaelekea mikokoni. Wakarudi makundi mawili, na safari hii nikapata 81. Nikamwambia binti yangu aandike 81, na chini yake aandike kwamba kozi aliwarusha, ili mwakani tukisoma tujue namba hiyo ilipatikanaje.

"Baba, wametoka wapi?"

Hili swali napenda kulijibu. Membe anataga kwenye shimo. Pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu, mpaka Somalia, wanachimba mashimo marefu mchangani, mengi pamoja kama mtaa, na kila shimo kwa kawaida lina yai moja tu, jeupe. Ndege wengine wa pwani mayai yao yana madoa, kwa sababu yapo nje yanahitaji kujificha. La membe limekaa gizani, na joto la mchanga wa kule linasaidia kazi ya kulilalia. Duniani inakadiriwa wapo baina ya 60,000 na 80,000, na hana ndugu: kwenye ukoo wao ni yeye peke yake. Hawa wa Chwaka, kama wametoka Oman, wameruka zaidi ya kilomita 3,000.

Nikamwambia pia habari za majahazi, kwa sababu babu yake mzaa baba yangu aliyaona kwa wingi wake. Majahazi kutoka Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi, kuanzia Disemba, yakakaa, yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Membe kurudi anarudi wakati huohuo, Aprili, kusi liko mgongoni. Ila kuja hangoji kaskazi. Wa kwanza wanafika Agosti, kusi bado linavuma usoni kwao. Njia nzima wanaipiga upepo wa mbele. Kila mwaka nikiwaona wale wa kwanza, mbavu zimewatoka, wamesimama tu kwenye mchanga hata kula hawajaanza, nahisi kitu kifuani nisichoweza kukieleza vizuri.

Jua likatoka, tukanywa chai, maji yakaanza kuondoka.

Maji ya bamvua yakipwa hayachukui muda. Kwanza unaona vijiti vya mwani vimetokeza vichwa, halafu kamba, halafu mwani wenyewe umelala chini kama nywele zilizoloa. Kilimo hiki kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kikaja kwetu, na mama alikuwa miongoni mwa walioanza mapema. Sasa magoti yanamsumbua lakini bamvua haliachi. Tulimkuta ameshakaa kwenye maji yaliyomfika kiunoni, anafunga, na wenzake wanne, wanazungumza habari za harusi. Vitwitwi walikuwa wakipita mita tatu kutoka kwenye mikono yao. Ndege hawa wanawajua wanawake wa mwani. Mimi nikisogea tu wanaruka. Mama anainuka, anapiga chafya, anaburuta polo la mwani, nao wanaendelea kudonoa.

"Shikamoo bibi," binti yangu akasema, kama vile hawakuonana alfajiri ileile.

"Marahaba. Mmewahesabu wanangu?"

"81."

"Wachache. Wengine watakuja na kaskazi."

Mama hana darubini wala daftari, lakini sijamkuta amekosea mara nyingi.

Hapo kwenye mwani ndipo nilipomwonyesha binti yangu wale wengine. Kuna mmoja mdogo, mnene, miguu ya rangi ya chungwa, anayegeuza kila kitu: jiwe, kombe, kipande cha mwani kilichokatika. Anaingiza mdomo chini yake, anakipindua, anakula kilichojificha. Kuna kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, huyu anazaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Asia ambako sasa hivi kumeshaingia baridi kali. Bado alikuwa na mabaki ya wekundu tumboni, nguo ya kule, huku juu ameshavaa kijivu chake cha huku. Na kuna yule wa kijivu anayesimama peke yake kama amekasirika, ukimwona anaruka utamjua kwa makwapa meusi. Kwetu sijapata kusikia jina lake. Mwaka 2024 orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimweka huyu wa makwapa meusi na yule wa mdomo uliopinda kwenye kundi la ndege walio hatarini kutoweka. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya dukani kwa muda, friji ya mtu iko wazi mbele yangu. Hawa niliwachukulia kama mchanga, kwamba wapo tu.

Sululu ndiye rahisi kuliko wote. Mdomo wake ndio sululu lenyewe la kuchimbia, umepinda vilevile, na filimbi yake ina pigo saba za haraka. Marehemu baba alikuwa mtega madema ya samaki, na usiku akisikia sululu anapita juu ya nyumba akilia hutuamsha: maji yameanza kupwa hayo. Hakuwa na haja ya saa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sululu amekuja na lake.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Watu wakiniona na darubini huniuliza, "Unatazama hao ndege wageni?" Hata mjini, hata vijana wa hapahapa Chwaka. Nimeacha kuitikia. Membe anafika Agosti, anaondoka Aprili. Hiyo ni miezi minane. Kule anakotaga anakaa minne. Na wadogo ambao hawajafika umri wa kutaga wengine hawaendi kabisa, mwaka mzima wako hapa, Juni na Julai nawaona wamesimama kwenye mvua. Kunguru wanaotunyang'anya samaki pale mnadani waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, ati wasafishe taka za mji, na leo hakuna hata mtu mmoja anayemwita kunguru mgeni. Membe ambaye nyama yote aliyonayo mwilini imetokana na kaa wa Chwaka, huyo ndiye mgeni? Yai tu ndilo la kule. Ndege ni wetu.

Nasema hivi kwa sababu kitu ukikiita cha mgeni unamwachia mgeni akitunze. Wiki mbili kabla ya Jumamosi hii, maji yamejaa, nilishuhudia boti ya kuzungusha watalii ikiletwa makusudi mpaka kwenye ule mchanga wa Marumbi ili membe waruke wapigwe picha. Waliruka, wakatua, boti ikageuka, wakaruka tena. Mara nne. Nilimngoja nahodha aliporudi. Ni kijana wa rika la mdogo wangu, na sikutaka kumgombeza mbele ya wateja wake, nikamchukua pembeni.

"Kaka, wanaruka tu, hawafi," akaniambia.

Nikamuuliza kama ana friji nyumbani. Anayo. Nikamwambia: mota ya friji inawaka, inapoza, inakata, inapumzika. Ukiwa na watoto wanaofungua mlango kila dakika, haikati. Inafanya kazi usiku na mchana, umeme unakwisha, baridi hakuna, na siku moja inaungua. Hawa ndege wanakula saa chache tu maji yakiwa yamepwa. Maji yakijaa ndiyo mota imekata. Ukiwarusha mara nne umefungua mlango mara nne, na huyu ametoka Arabuni kwa mabawa yake, hana akiba.

Alinitazama. Akasema, "Hili la friji nimelielewa." Tangu siku hiyo boti inapita nje, upande wa kilindi, na wateja wake wanawaona ndege wamesimama. Jumamosi hii hakuna boti iliyokuja karibu. Kozi yeye ana haki yake.

Ilipofika saa 3 tukaenda mbali zaidi, nikafanya ninachofanya siku zote: kuwazunguka. Unaingia pwani mpaka uwapite, halafu unageuka na kuutazama mji wa Chwaka, jua likiwa mgongoni. Ghafla kila ndege ana rangi. Tope lilitufika juu ya vifundo, binti yangu akapoteza kandambili moja, tukaitafuta, tukaipata. Tulikaa juu ya mwamba mdogo na hatukusema kitu.

Membe wa kwanza alikuwa mkubwa, mweupe safi, mgongoni kama amevaa joho jeusi. Anakimbia hatua tano, sita, anasimama wima. Anatazama. Anakimbia tena. Halafu mdomo ukashuka mara moja na ukarudi na kaa, wa ukubwa wa sarafu ya mia mbili, miguu inapepea. Akamtikisa. Mguu ukatoka, akamtikisa tena, mwingine ukatoka, akamweka chini, akamgonga, akamwokota. Nilitegemea ammeze.

Hakummeza. Nyuma yake alikuwapo mwingine ambaye sikuwa nimemwona kwa sababu rangi yake ilikuwa ya tope: kijivu mgongoni, utosi una michirizi, mdomo mwembamba kidogo. Amejikunyata, shingo imeingia mabegani, anajongea kwa hatua fupi huku akitoa kisauti chembamba kisichokatika. Mkubwa akageuka, akampa kaa.

Binti yangu akanishika mkono kwa nguvu. "Mbona mkubwa hivyo? Hawezi kula mwenyewe?"

Ni kweli, kwa umbo walikuwa karibu sawa. Vifaranga wa ndege wengi wa pwani siku wanayoanguliwa ndiyo siku wanayojitafutia; mama anawalinda tu. Membe anakulia shimoni, analetewa. Akitoka anajua kuruka lakini kaa hamjui, na kaa si mdudu wa kudonoa, ana makucha, ana gamba, anakimbilia shimo lake. Inachukua miezi kujifunza. Basi wazazi wanavuka naye bahari na bado wanaendelea kumlisha, hapa, kwenye tope letu, Oktoba na Novemba na zaidi. Nimewatazama miaka tisa na bado nikimwona mzazi anavyogeuka na yule kaa mdomoni, nashusha darubini kwanza.

Tukaanza kuwatafuta wadogo peke yao. Huyu hapa, yule pale nyuma ya mzazi, wawili karibu na mkondo. Binti yangu ana macho makali kuliko mimi. Bila darubini aliwajua kwa namna wanavyojikunyata. Tukawafikisha 11. Katika 81, watoto 11 waliofika salama. Akafungua ukurasa mpya na kuandika kichwa cha habari, MEMBE WATOTO, kwa herufi kubwa, akapiga mstari mara mbili.

Mmoja akajaribu. Alikuwa wa karibu na sisi, mita ishirini hivi. Aliacha kulia, akakimbia kama anavyokimbia mkubwa, akasimama, akashusha mdomo na kumnyanyua kaa. Akamtikisa mara moja. Kaa akamshika mdomo kwa kucha. Membe akatupa kichwa, kaa akaruka, akaanguka majini, akaingia mchangani. Mtoto alibaki amesimama akitazama palepale, kisha akarudi kwa mzazi wake, akajikunyata.

"Tungoje," binti yangu akasema. "Atajaribu tena."

Maji yalikuwa yameshageuka. Unayajua kwa povu jembamba linalokuja na mwani mkavu juu yake, likipita vidoleni. Mama alituita kutoka mbali, polo lake limeshapakiwa kwenye ngarawa, anatupungia kanga. Nikamwambia binti yangu tuna dakika kumi. Tukangoja. Mtoto wa membe akalishwa kaa mwingine, na mwingine. Maji yakatufika kwenye vifundo, wakubwa wakaanza kuondoka wawili wawili kuelekea Marumbi, naye akawafuata akilia hewani.

Njiani, juu ya mgongo wangu, binti yangu alifungua daftari na kuongeza kitu chini ya ile 11. Nilikisoma nyumbani tulipokuwa tunasafisha kandambili: *Bado wanalishwa. Tuje tena bamvua lijalo.*